Faili Kupandishwa Juu Si Leseni Mkononi

Mazungumzo ya redio ya wiki hii, kama yalivyosomwa hewani

Mzee mmoja wa Mwanza ameniandikia barua ndefu, kurasa tatu pande zote mbili, lakini hoja yake yote imo katika aya moja. Binti yake ni muuguzi. Ameolewa na kijana wa Kitanzania ambaye ni askari katika jeshi la Marekani. Kwa miaka minne binti huyo alifanya kazi katika hospitali ya jimbo walilokuwa wakiishi, na mwisho wa mwezi hakukosa kutuma chochote nyumbani. Sasa mumewe amehamishiwa jimbo jingine, na binti anasema hana ruhusa ya kumdunga mgonjwa hata sindano moja mpaka apate leseni mpya. Ameambiwa kwamba maombi yake yataharakishwa kwa kuwa yeye ni mke wa askari. Huu ni mwezi wa tatu. Mzee anauliza, nchi si ni moja? Serikali si ni moja? Na huko kuharakishwa ni kwa namna gani, ikiwa miezi mitatu imepita?

Maswali haya si ya mzee huyu peke yake. Kuanzia mwaka 2009 hadi 2016 Marekani ilikuwa na mpango, kwa kifupi MAVNI, wa kuandikisha jeshini wageni wenye ujuzi wa tiba au wanaojua lugha ambazo jeshi lilizihitaji, na Kiswahili kilikuwamo katika orodha ya lugha hizo. Wako vijana wa huku kwetu walioingia kwa mlango huo. Wengine wameingia wakiwa na kadi ya kijani, na mlango huo bado uko wazi. Vijana hao wana wake, na wako pia akina mama askari wenye waume. Kwa hiyo nimeona nisimjibu mzee kwa barua, bali nilizungumze jambo hili hapa, tulisikie sote.

Tuanze na hilo la nchi moja. Hapa kwetu askari akihamishwa kutoka Dar es Salaam kwenda Songea, mkewe ambaye ni muuguzi atahangaika na barua ya uhamisho wa kumfuata mume, atahangaika na nyumba na shule za watoto, lakini leseni yake haitahojiwa na mtu. Imetolewa na Baraza la Uuguzi na Ukunga, na baraza hilo ni la nchi nzima. Hakuna Baraza la Uuguzi la Ruvuma. Marekani mambo sivyo. Kule jeshi ni la taifa, lakini leseni za kazi ni mali ya majimbo, na majimbo yako 50. Kila jimbo lina bodi yake ya wauguzi, bodi yake ya walimu, ya mafundi umeme, ya wasusi, ya wahandisi, na kila bodi ina ada zake, fomu zake na masharti yake. Muuguzi aliyevuka mpaka wa jimbo, kwa macho ya bodi mpya, ni mtu asiyejulikana.

Mambo haya yana historia. Mwaka 1882 jimbo la West Virginia lilitunga sheria kwamba asiye na shahada ya chuo kinachoheshimika, wala miaka kumi ya kazi, wala hakufaulu mtihani wa jimbo, asitibu watu. Tabibu mmoja, Frank Dent, aliyekuwa ametibu watu kwa miaka sita tu na ambaye cheti chake kilikataliwa na bodi, alipeleka shauri lake mpaka Mahakama Kuu ya Marekani. Mwaka 1889 akashindwa. Mahakama ilisema jimbo lina haki ya kuwakinga watu wake dhidi ya matabibu wasiojua kazi. Mimi sina ugomvi na hukumu hiyo. Nani kati yetu anapenda kupasuliwa tumbo na mtu aliyejifunza upasuaji kwa kuchungulia dirishani?

Lakini mlango ulipofunguliwa kwa matabibu, wengine wote wakapita humo humo. Katika miaka ya 1950 mfanyakazi mmoja tu kati ya 20 wa Marekani alihitaji leseni ya jimbo ili afanye kazi yake. Ripoti ya Ikulu yao ya mwaka 2015 ilisema wamezidi robo ya wafanyakazi wote. Na masharti hayafanani. Kwa miaka mingi jimbo la Iowa lilidai msusi asome saa 2,100 darasani, wakati New York iliridhika na saa 1,000. Sijasikia kwamba vichwa vya watu wa Iowa vina nywele ngumu mara mbili.

Sasa mtie askari katika mpango huo. Askari wa Marekani huhamishwa kila baada ya miaka miwili au mitatu, na hana la kusema. Amri ni amri. Mwaka 2012 Wizara ya Fedha na Wizara ya Ulinzi za Marekani zilitoa ripoti ya pamoja kuhusu wake na waume wa askari. Iligundulika kwamba katika mwaka mmoja asilimia 14.5 yao walikuwa wamehama jimbo, wakati kwa raia wa kawaida ni asilimia 1.1 tu. Na kati ya wale walio katika soko la ajira, kiasi cha asilimia 35 walikuwa na kazi zinazodai leseni au cheti. Wauguzi, walimu, watunza watoto, wasaidizi wa madaktari wa meno. Fikiri mwenyewe hesabu yake. Mtu anafika, anaomba leseni, anasubiri miezi minne, anatafuta kazi, anaajiriwa, anafanya mwaka mmoja na nusu, halafu amri nyingine inakuja. Wako wanaochoka wakaiacha taaluma, wakaenda kuuza duka ndani ya kambi. Tafiti za Wizara ya Ulinzi za mwaka 2019 na 2021 zilionyesha kwamba katika wake na waume wa askari wanaotaka kazi, waliokosa walizidi asilimia 20.

Niseme neno langu hapa. Mimi nimelelewa katika kota za polisi. Mama yangu alikuwa mwalimu, na baba alihamishwa mara tano kabla sijamaliza darasa la saba. Leseni haikuwa tatizo, lakini barua ya kumfuata mume ilichukua muhula mzima kutoka meza moja hadi nyingine, na muhula huo mama alikaa nyumbani akikuna nazi, vitabu vyake vya kufundishia vikiwa ndani ya sanduku. Wenzake aliosoma nao walikuwa walimu wakuu wakati yeye angali mwalimu wa darasa la tatu. Baba alipandishwa cheo kwa uhamisho ule ule uliomrudisha mama nyuma. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba mambo haya ni ya makaratasi tu.

Huko Marekani waliolipigia kelele sana ni Michelle Obama na Jill Biden, katika kampeni waliyoianzisha mwaka 2011 ya kusaidia familia za askari. Mwaka 2012 Michelle Obama aliwaomba magavana wa majimbo yote watunge sheria za kuwapunguzia adha wake na waume wa askari, na kufika mwaka 2016 kila jimbo lilikuwa limefanya jambo fulani. Nasisitiza maneno hayo, jambo fulani. Kwa sababu kila jimbo lilichagua lake, na hapa ndipo tunapofika kwenye swali la mzee kuhusu kuharakishwa.

Neno hilo moja limefunika mambo matatu yaliyo mbali sana.

La kwanza ni kupandisha faili. Bodi inachukua maombi ya mke wa askari, au ya askari aliyeacha jeshi kwa heshima, na kuyaweka juu ya lundo, yashughulikiwe kabla ya mengine. California, kwa mfano, ilitunga sheria ya namna hiyo mwaka 2012 kwa wake na waume wa askari, na kuanzia Julai 2016 bodi zake zikatakiwa kufanya hivyo hivyo kwa maveterani. Ni jambo jema. Ila hebu tufungue hilo faili tuone lina nini. Ndani yake kunatakiwa matokeo ya chuo, na mara nyingi bodi haiyapokei kutoka mkononi mwako, ni lazima chuo kiyatume chenyewe. Kunatakiwa barua ya jimbo la zamani kuthibitisha kwamba leseni yako ni hai na huna kesi ya nidhamu. Kunatakiwa alama za vidole, zipelekwe polisi wa jimbo na FBI, majibu yarudi. Kunatakiwa ada. Karani anaweza kulipandisha faili lako juu ya yote, lakini kama barua ya jimbo la zamani haijafika, analifungua, anaona pengo, analifunga. Sheria ya kupandisha faili haikumwamuru mtu wa jimbo la zamani aharakishe barua yake, wala haikupunguza sharti hata moja. Aliyetakiwa kufanya mtihani bado ataufanya. Kwa bodi yenye maelfu ya maombi kupandishwa huku kunaokoa wiki kadhaa, nakubali. Kwa mtu aliyeelewa kwamba ameahidiwa leseni, ni maumivu.

La pili ni leseni ya muda. Hapa bodi inasema, wewe umeshapewa leseni na jimbo jingine, huna doa, basi shika hii ufanye kazi wakati tunaendelea kuchungulia makaratasi yako. Hii ni nzuri zaidi, kwa sababu mshahara unaingia wakati faili linasafiri. California iliianza kwa kazi chache, uuguzi ukiwamo, kwa sheria ya mwaka 2014, halafu sheria ya mwaka 2021 ikaipanua, na tangu Julai 2023 bodi nyingi zimetakiwa kutoa leseni hiyo ndani ya siku 30 mara maombi yakitimia na uchunguzi wa alama za vidole ukiwa safi.

La tatu ndilo kubwa, nalo ni kuitambua leseni ya kwanza kama ilivyo. Haombi upya, leseni aliyokuja nayo inahesabika kuwa halali hapo alipofika. Mwaka 2019 jimbo la Arizona lilifanya karibu hivyo kwa kila anayehamia huko, awe wa jeshi au raia, mradi leseni yake imedumu mwaka mmoja na hana doa. Kwa wauguzi, mlango wa namna hii ulikuwapo zamani zaidi. Tangu miaka ya mwisho ya 1990 majimbo yalianza kufungamana katika mkataba wa leseni za uuguzi, na sasa waliomo wamezidi 40. Muuguzi mwenye leseni ya mkataba anaweza kufanya kazi katika jimbo lolote lililomo. Kwa askari na mwenzi wake mkataba unamruhusu kuendelea kushika jimbo lake la awali kuwa makao kwa muda wote askari yuko kazini. Lakini California na New York, majimbo yenye watu wengi na hospitali nyingi, hadi mwaka 2024 yalikuwa bado nje. Mzee wangu, swali la kwanza la kumwuliza binti ni hilo: jimbo alilotoka limo katika mkataba? Na hilo alilofikia je? Kama yote mawili yamo, na leseni yake ni ya mkataba, basi miezi hii mitatu huenda alikuwa na haki ya kufanya kazi bila kujua. Kama moja halimo, tuendelee.

Kwa miaka kumi hivi serikali ya taifa ilikuwa ikiyabembeleza majimbo. Ilijaribu pia fedha. Sheria ya ulinzi ya Desemba 2017 iliruhusu mke au mume wa askari arudishiwe gharama za leseni mpya hadi dola 500 kwa kila uhamisho, na miaka miwili baadaye ikapandishwa hadi dola 1,000. Fedha si haba. Lakini ada ilikuwa sehemu ndogo ya maumivu; mshahara wa miezi minne uliopotea haurudishwi na mtu. Kwa maoni yangu kulikuwa na kasoro katika mpango wote ule, kwamba mwenye kutoa amri ya kuhama alikuwa Washington, na mwenye kubeba hasara alikuwa mke, na jimbo lililokuwa katikati halikuwa na haja ya kuharakisha kitu.

Hilo lilibadilika Januari 2023. Rais Joe Biden alitia sahihi sheria iliyoongeza kifungu kipya katika ile sheria ya taifa inayowakinga askari, ambayo imezoeleka kuwakinga katika mambo ya mikopo na kodi za nyumba. Kifungu kinasema hivi kwa lugha nyepesi: askari au mwenzi wake akiwa na leseni ya kazi, na akahama jimbo kwa sababu ya amri ya kijeshi, leseni hiyo itahesabika halali katika jimbo jipya kwa muda wa amri hiyo. Lazima aipe bodi mpya nakala ya amri ya uhamisho, awe hana doa kule alikotoka, na akubali kufuata maadili na nidhamu ya bodi mpya. Sheria ilipotoka iliwaacha nje mawakili. Pia iliweka kwamba wenye leseni za mkataba, kama wauguzi niliowataja, watafuata mkataba wao kwanza.

Kulikuwa na sharti jingine, kwamba leseni iwe imetumika katika miaka miwili iliyotangulia uhamisho. Aliyelitunga nadhani hakuwahi kukaa na familia ya askari. Mama aliyemfuata mumewe Ujerumani au Japani miaka mitatu, akalea mtoto, leseni yake hakuitumia, basi akirudi sheria haimjui. Yaani waliotumwa mbali zaidi ndio walioachwa. Mwishoni mwa mwaka 2024 Bunge lao liliirekebisha sheria, likaliondoa sharti hilo, na likaweka utaratibu wa maombi mafupi: amri ya uhamisho, cheti cha ndoa kwa aliye mke au mume wa askari, na kiapo kilichothibitishwa na ofisa wa viapo kwamba mwombaji ndiye mwenye leseni, kwamba amesoma masharti ya jimbo jipya na atayafuata. Na bodi ikishindwa kulikamilisha jambo hilo papo hapo, inaweza kumpa leseni ya muda yenye haki zile zile.

Tusidhani kwamba sheria ikishapita kila karani ameshaisoma. Mwaka huo huo wa 2023 mshauri wa wanafunzi shuleni, mke wa askari wa jeshi la anga aliyehamishiwa Texas, aliikuta idara ya jimbo ikimtaka apite katika taratibu za jimbo licha ya leseni zake za majimbo mengine. Akaenda mahakama ya taifa iliyoko huko Texas. Wizara ya Sheria ya Marekani ikaandika kumuunga mkono, na jaji akaamua kwamba sheria ya taifa inashinda taratibu za jimbo. Tangu hapo mtu anayekataliwa dirishani ana kitu cha kuonyesha. Na Wizara hiyo hupokea malalamiko ya wenye haki chini ya sheria hiyo. Makambi nayo huwa na ofisi ya msaada wa sheria ambayo haimtozi askari wala mkewe hata senti. Binti wa mzee aanzie hapo, kambini, siyo kwenye simu ya bodi ambayo mashine ndiyo inayopokea.

Mpaka hapa nimesema sana juu ya wake na waume. Na aliyevua magwanda je? Sheria ile ya mwaka 2023 haimfuati. Yeye hana tena amri ya uhamisho. Veterani anategemea sheria za majimbo, na tatizo lake ni la aina nyingine. Mke ana leseni isiyotambuliwa. Veterani ana ujuzi usiokuwa na leseni.

Mfano unaosemwa sana ni wa tabibu wa vitani, yule askari anayemfikia majeruhi wa kwanza. Husomea Fort Sam Houston, Texas, kwa wiki 16 hivi, kisha anapelekwa mahali ambapo damu haisubiri daktari. Amefunga mishipa, ametoboa kifua kilichojaa hewa, ameokoa watu. Akirudi uraiani akaomba kazi kwenye gari la wagonjwa, cheti alichonacho kinamruhusu kufanya machache kuliko aliyoyafanya akiwa na miaka 21 chini ya risasi. Rais Barack Obama alilirudia jambo hilo katika hotuba zake, wakati ambapo, mwaka 2011, ukosefu wa kazi kwa maveterani wa vita vya baada ya Septemba 2001 ulifika asilimia 12.1.

Wengi husikia habari hiyo wakakasirika, na mimi nilikasirika. Lakini tuwatendee haki wenye bodi. Tabibu wa vitani amewatibu vijana wenye afya waliopigwa risasi. Gari la wagonjwa la mjini linamwitia bibi wa miaka 80 mwenye kisukari na dawa tisa, mtoto mwenye degedege, mama anayejifungua ngazini. Hayo kambini hakuyaona mengi. Kumpa leseni kamili kwa heshima ya medali zake ni kumdhulumu bibi yule. Kumrudisha darasa la kwanza akajifunze kufunga bendeji ni kumdhulumu yeye. Kinachotakiwa ni mtu akae chini, alinganishe mafunzo ya jeshi na ya raia ukurasa kwa ukurasa, aseme hili analo, hili hana, asome hili tu. Hiyo ni kazi ya kuchosha isiyo na picha za magazetini, ndiyo maana majimbo mengi yalipenda zaidi kutangaza kupandisha mafaili.

Mahali ambapo kazi hiyo ilifanywa vizuri ni kwa madereva. Tangu mwaka 2011 kanuni za taifa zimeruhusu askari aliyeendesha magari mazito ya jeshi kwa miaka miwili, na rekodi yake ikiwa safi, asamehewe mtihani wa barabarani wa leseni ya lori. Majimbo yote yameikubali. Mwanzoni alipewa siku 90 tangu kuacha jeshi awe ameomba, na baadaye ikawa mwaka mmoja. Kwa nini iliwezekana? Kwa sababu lori ni lori. Gia za lori la jeshi na za lori la makabichi hazina tofauti, na mtihani unapima kitu ambacho jeshi lilishakipima.

Nimeulizwa pia na wengine kama haki hizi zinamfaa mke aliyesomea uuguzi hapa kwetu, au Kenya, au Kongo, akaolewa na askari kabla hajawahi kuwa na leseni ya jimbo lolote la Marekani. Hapana. Sheria ya taifa niliyoieleza inahusu leseni iliyotolewa huko kwao. Mwenye leseni ya Nairobi au Dar es Salaam lazima kwanza vyeti vyake vipimwe na afaulu mtihani wa taifa wa wauguzi, NCLEX, apate leseni ya jimbo moja. Akishaipata hiyo, ndipo uhamisho wa mumewe utamkuta na kinga. California ina jambo moja la kuongeza: tangu Januari 2021 bodi zake zinatakiwa kuyapandisha juu pia maombi ya wakimbizi, na hilo linawahusu ndugu zetu wa Kongo walioko huko. Lakini mmeshajua kupandisha juu ni nini.

Na tusicheke sana majimbo ya Marekani. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kazi Julai 2010, na ndani yake tuliahidiana kutambua vyeti na taaluma za wenzetu. Wahasibu, wasanifu majengo na wahandisi walitiliana mikataba ya kutambuana. Muulize mhandisi aliyejaribu kuvuka mpaka na mkataba huo mfukoni amekaa wiki ngapi akisubiri.

Mwisho, kuna jambo moja ambalo kwa familia ya askari hujitokeza likiwa limechelewa. Kinga ile hudumu kwa muda wa amri ya uhamisho. Siku mume anapoacha jeshi, au amri inapokwisha na familia ikaamua kubaki palepale kwa kuwa watoto wamezoea shule, leseni ya kule walikotoka hairuhusu tena kufanya kazi hapo. Kadhalika ndoa ikivunjika. Kwa hiyo mwenye kukusudia kubaki katika jimbo aombe leseni yake ya kawaida mapema, mwaka mmoja kabla ya mume kuvua magwanda ikiwezekana, wakati kinga bado ipo na mshahara bado unaingia. Na aiweke hai leseni ya jimbo la kwanza, alipie kila ikidaiwa, hata akiwa Ujerumani, hata akiwa analea. Cheti cha ndoa nacho kitafutwe mapema. Ndoa iliyofungwa huku na haikusajiliwa serikalini isajiliwe, na kama cheti ni cha Kiswahili kipatiwe tafsiri rasmi.

Wiki ijayo, tukijaaliwa, nitajibu barua zilizouliza juu ya huo mtihani wa NCLEX. Zimekuwa nyingi, na mbili kati yake hazina jina la mwandishi. Nitazijibu hata hizo.